Mama mkwe kamwaga maziwa, mume anataka niache kazi

Shikamoo mamdogo,

Nakusoma siku nyingi ila sijawahi kukuandikia, leo nimeamua maana jambo limenikaa kooni na ofisini siwezi kumwambia mtu, wakishajua nyumbani kwako hakuko sawa ndo wamepata cha kuongelea mchana.

Mi nina miaka 27, nimeolewa mwaka juzi, tunakaa Kimara Suka, chumba na sebule na choo ndani, kodi laki na nusu kwa mwezi ila mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Mume wangu ni fundi umeme wa saiti, kuna mwezi anaingiza hata laki nane na kuna mwezi anakaa tu anaangalia simu kama itaita. Mimi nafanya uhasibu kwenye kampuni moja ya usambazaji maeneo ya Posta, nikishakatwa kila kitu pamoja na ile asilimia 15 ya bodi ya mikopo nabaki na 585,000. Mtoto wetu wa kwanza ana miezi saba sasa hivi.

Niliporudi kazini kutoka likizo ya uzazi tulikuwa na dada wa kazi, tunamlipa 80,000, dada mzuri tu hana maneno. Mwezi wa kumi na moja akaomba ruhusa ya siku nne aende msibani, nikampa na nauli, mpaka leo namba yake haipatikani. Ikabidi mama mkwe aliyekuja kutoka Korogwe kwa ajili ya arobaini aendelee kukaa. Kwakweli namshukuru, bila yeye sijui ningefanyaje, anamwogesha mtoto, anapika, mi nikirudi nakuta hadi nguo zimekunjwa. Ila ndo hapo matatizo yanapoanzia.

Ofisini nakamua maziwa mara mbili kwa siku kwenye stoo ya karatasi, kuna dada mmoja wa masijala ananishikia mlango kwa nje maana hauna kitasa. Naweka kwenye chupa, naweka kwenye friji ya ofisi, jioni natoka nayo kwenye kibegi nimezungushia barafu. Alhamisi iliyopita mwendokasi ilijaa hatari, nimesimama kutoka Posta mpaka Kimara kibegi nimekikumbatia kifuani kama mtoto mwenyewe, halafu pale nikaunga daladala. Nafika nyumbani saa moja na nusu usiku, nafungua friji niweke chupa za leo nakuta zile za jana ambazo mtoto alitakiwa anywe mchana hazipo, naangalia kwenye beseni zimeoshwa zimegeuzwa. Namuuliza mama, ananijibu taratibu kabisa huku anachambua mchicha, "nimeyamwaga mama, yalikuwa yamelala, yametengana, juu mafuta chini maji, mtoto angeharisha." Mtoto kashinda na uji. Mamdogo niliingia chooni nikafungua bomba ili wasisikie nalia.

Sio hilo tu. Kliniki ya mwezi huu mtoto kaongeza gramu 100 tu, ametoka kilo 7.2 akaja 7.3, mama akasema moja kwa moja huyu mtoto anabemendwa, yaani anadhoofika kwa sababu wazazi wanakutana wakati bado ananyonya. Toka nijifungue mama analala na mimi na mtoto chumbani, mume analala sebuleni kwenye kochi, na sasa hivi ndo kabisa, hata tukikaa karibu tunaangalia taarifa ya habari mama anakohoa. Mume wangu amebadilika, anarudi usiku, akirudi anaangalia mpira kwenye simu, tunaongea kuhusu gesi na luku basi.

Sasa bosi ameniita wiki iliyopita kaniambia kuna nafasi ya supavaiza wa mahesabu kuanzia mwezi wa nne, mshahara unapanda, ila kila mwezi natakiwa niende Dodoma siku tatu kukagua tawi. Nikafurahi nikamwambia mume, akakaa kimya mpaka tumemaliza kula, ndo akasema "mi naona uache kazi kabisa, mtoto anapungua, mama amechoka, mimi nitakuhudumia." Mama mkwe akaitikia "ndio mwanangu." Nilijaribu kumuuliza bosi kama naweza kuwahi kutoka kwa ajili ya kunyonyesha akanijibu hayo mambo ni ya serikalini hapa ni kampuni binafsi.

Hela nyingine nayoitegemea ni kijumbe, tuko watu 12 tunatoa laki laki, zamu yangu ni mwezi wa nne, ila mume anasema ile hela tununue pikipiki ya kumpa mtu aendeshe alete hesabu.

Naomba ushauri mamdogo. Niache kazi nimlee mwanangu? Au nikubali cheo? Na huyu mama nimwambieje bila kumkosea heshima? Wifi yangu mkubwa keshanipigia simu ananiambia "kazi zipo tu, mtoto ndo hakusubiri," nikakata simu nikasingizia mtandao.

Mama K, Kimara


Marahaba mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa jikoni nikaacha vitunguu vikaungua, lawama utabeba wewe.

Ngoja nianze na pale ulipopita haraka. Umeandika kurasa nzima kuhusu maziwa na mama mkwe, halafu mwishoni kabisa ukachomeka kwamba mumeo anataka hela ya kijumbe mnunue pikipiki. Hiyo laki ya kila mwezi inatoka wapi? Kwenye mshahara huo huo anaotaka uuache. Kwa hiyo mwezi wa nne mshahara uwe umeshakufa lakini pikipiki iwe imeshanunuliwa, na wenzako 11 waendelee kudai laki zao mpaka mzunguko uishe maana mchezo wa kijumbe hauna kujiuzulu. Simsemi vibaya, sidhani kama ana hila. Nadhani hajapiga hesabu. Mwanaume akiona mtoto anakonda, mama yake anachoka, mkewe analia chooni (bomba halizuii kitu kwenye nyumba ya chumba na sebule, alisikia), anasema neno la kwanza linaloonekana la kiume, nitakuhudumia. Ni neno zuri kabisa. Sasa likae kwenye karatasi.

Mimi nimepiga kwa namba zako. Unapokea 585,000. Dada wa kazi mkimpata mwingine 80,000, nauli na chakula cha mchana hukuandika ila kwa Suka hadi Posta kila siku tuseme 110,000. Kazi yenyewe basi inakula 190,000, unabaki na 395,000. Toa 75,000 ambayo ni nusu ya kodi ya mwezi, toa laki ya kijumbe, inabaki 220,000 ambayo naamini ndio gesi, luku, maji, pampasi na mchicha anaochambua mama. Ukiacha kazi hiyo 190,000 hutoiona ikitoka, ni kweli, ila 395,000 nazo zinapotea, na mwezi anaokaa anaangalia simu kama itaita mtakula nini? Mwenye nyumba akija kwa ile laki tisa yake ya mkupuo? Halafu kuna vitu havionekani kwenye bahasha, michango yako ya NSSF inasimama hapo hapo, na kama ofisi inawalipia bima ya afya ujue nayo inaondoka na wewe wakati una mtoto wa miezi saba. Deni la bodi ya mikopo nalo halifi kwa sababu umekaa nyumbani.

Chukua daftari, Jumapili jioni, mtoto kalala, mkae wawili. Usianze kwa "unataka kuniharibia maisha." Anza kwa kumwambia umelisikia neno lake na ungependa mlione kwenye namba, mpe kalamu yeye ndo aandike. Mtu akiandika kwa mkono wake habishi sana. Na umuulize hiyo pikipiki ikileta hesabu elfu nane au kumi kwa siku, siku ikiharibika nani anatengeneza. Mi sijui jibu lenu, labda bado mtainunua, ila isinunuliwe na mshahara wa marehemu.

Haya, maziwa. Nilichokiona hapo ni kwamba mama mkwe wako hajakufanyia ubaya, ingawa najua uchungu wa maziwa kumwagwa, mimi wangu nilimnyonyesha enzi hatuna hata pampu, unakamulia kwenye sinki la ofisi unayaangalia yanaondoka na maji ya bomba. Maziwa ya mama yakikaa kwenye friji yanatengana, mafuta yanapanda juu, ndivyo yalivyo kwa sababu hayajapitishwa kiwandani kama ya pakiti. Unayatikisa taratibu yanarudi, unaweka chupa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, hayachemshwi. Kwenye friji inayofanya kazi vizuri yanakaa hadi siku nne, yawekwe nyuma kabisa sio mlangoni, nje ya friji yasizidi saa nne, na kwa joto la Dar mi nisingesubiri hata hizo nne, kwa hiyo barafu yako uko sahihi. Umeme ukikatika muda mrefu hapo mama ana haki ya kumwaga. Yeye kalelewa na maziwa ya ng'ombe, anajua yaliyolala na kutengana yanaumiza mtoto, kwa maziwa ya ng'ombe yasiyochemshwa yuko sawa kabisa. Nani alimwelekeza haya ya kwako? Ulimwachia chupa kwenye friji ukakimbilia gari.

Ila usimwelekeze wewe. Mkwe kumfundisha mama mkwe kulea ni jambo la kutafuta vita hata ukiongea kwa sauti ya malaika. Mpeleke kliniki. Mtoto akitimiza miezi tisa kuna chanjo ya surua na rubela, lakini usisubiri hadi hapo, kliniki ya mwezi ujao mwambie mama twende wote unisaidie kumshika, ukifika pale mvute nesi pembeni, mwambie dada naomba umweleze bibi yake kuhusu maziwa ya kukamua na kuhusu chakula. Akisikia kutoka kwa mtu wa koti jeupe ataenda kuwafundisha na majirani.

Na kubemenda. Hapa naomba unisikilize vizuri maana wasichana wa siku hizi mnalicheka hilo neno halafu usiku mnalia. Wazee hawakuwa wajinga. Walikuwa wanaona mama anayenyonyesha akibeba mimba nyingine haraka, yule wa mgongoni anaachishwa ziwa ghafla, analishwa uji mtupu, anakonda, anaota kichwa kikubwa na miguu ya njiti. Wakasema wazazi wamekutana ndo mtoto kabemendwa. Walichokiona kilikuwa cha kweli, sababu ndo hawakuishika pale pale. Mume na mke kulala kitanda kimoja hakuharibu maziwa wala hakumpunguzi mtoto uzito. Kinachompunguza ni kumwaga chupa mbili za maziwa na kushinda na uji. Uji wenyewe ukoje? Nina wasiwasi ni ule mwepesi unaopita kwenye chuchu ya chupa, huo ni maji yenye rangi. Miezi saba mtoto anataka kitu kinachokaa kwenye kijiko kisianguke, mara mbili tatu kwa siku, na ziwa linaendelea vile vile. Uji mzito utie karanga zilizosagwa, kijiko cha mafuta, siku nyingine ndizi au viazi vimepondwa na dagaa wa unga, yai, parachichi. Na hiyo lishe ya nafaka kumi na mbili inayouzwa kwenye mifuko usihangaike nayo, nafaka moja na kitu cha protini inatosha. Gramu 100 kwa mwezi ni kidogo, kweli, lakini mtoto wa 7.3 kwa miezi saba sio mtoto wa kufanyia kikao cha ukoo. Angalia kadi yake, mstari wake uko kwenye kijani? Kama mwezi ujao umelala tena au umeshuka, hapo muulize nesi, acha kusubiri maoni ya wifi.

Ila wazee wana pointi moja bado. Miezi sita ya mwanzo mama anayenyonyesha tu bila kumpa mtoto kitu kingine na hajaanza kuona siku zake, mimba inakuwa ngumu kuingia. Wewe umeshavuka sita na mtoto anakula, hiyo kinga usiitegemee tena. Siku hiyo hiyo ya kliniki ulizia uzazi wa mpango, kuna njiti, kuna kitanzi, kuna vidonge vya wanaonyonyesha visivyopunguza maziwa. Fanya hilo kabla hujamrudisha mumeo kitandani, maana atarudi, lazima arudi. Miezi saba mwanaume analala kwenye kochi nyumbani kwake anakolipa kodi halafu unashangaa anaangalia mpira kwenye simu? Na wewe hujaandika mahali popote kwamba umemkumbuka, umeandika tu kwamba amebadilika. Mwambie umemkumbuka.

Sasa mama atalala wapi, chumba na sebule. Kumlaza mama mkwe kwenye kochi mimi sikushauri, utasemwa mpaka Korogwe. Ila nikuulize, umewahi kumuuliza mama kama anataka kukaa? Kaja kwa arobaini, leo miezi saba. Ana shamba, ana kuku, mwezi wa tatu mvua za masika zinaanza na mahindi hayajipandi. Nina hisia, naweza kukosea, kwamba ule "ndio mwanangu" aliouitikia mumeo aliposema uache kazi ulikuwa ni wa mtu anayetaka kwenda kwake na haoni mlango. Mumeo ndo amuulize, mama yake huyo, sio wewe. Mtafute dada mwingine mapema, kupitia mtu mnayemjua, mama akae naye wiki mbili amfundishe, ndo aondoke na kanga zake mbili mpya na nauli na mfuko wa sukari. Ataondoka kama mtu aliyekamilisha kazi.

Kazini. Bosi wako kakudanganya au hajui, na mabosi wengi kwa kweli hawajui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inasema mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kwenda kunyonyesha wakati wa kazi hadi saa mbili kwa siku. Sheria hiyo inahusu na kampuni binafsi, sio wizara peke yake. Wewe mtoto yuko Suka, huwezi kwenda na kurudi ndani ya saa mbili hata ukipaa, kwa hiyo omba saa zako uzichukue kwa pamoja, kama mnatoka saa kumi na moja wewe utoke saa tisa. Hilo la kuziunganisha ni makubaliano, sheria haijaeleza hivyo, ndo maana unaandika barua ya heshima kwa afisa utumishi, unataja kifungu, unaambatisha nakala ya cheti cha mtoto, nakala moja unagongewa muhuri wa kupokelewa unakaa nayo. Usiende kwa mdomo tena. Wakigoma kabisa kuna CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, malalamiko ya aina hiyo unayapeleka ndani ya siku 60, ila mi sikutumi huko leo, barua zenye muhuri huwa zinamaliza mengi. Na huyo dada wa masijala anayekushikia mlango, mnunulie hata soda, halafu kwenye barua ile ile omba kitasa.

Cheo usikikatae. Usikikubali pia kama kilivyo. Dodoma siku tatu maana yake usiku mbili, mtoto akiwa na miezi kumi na ziwa ndo linamlaza. Rudi kwa bosi mwambie nafasi naitaka, naomba safari zianze mtoto akitimiza mwaka, mpaka hapo tawi linitumie vitabu nikague kutoka Dar na nikilazimika niende kwa treni ya asubuhi nirudi ya jioni, sasa hivi ya SGR haizidi sana saa nne, zamani kwa basi ingekuwa ndoto. Akikubali aandike kwenye barua ya uteuzi. Akisema haiwezekani, angalau umejua, utabaki na kazi yako ya sasa na bado umeonyesha unataka. Ila mumeo ajue kabla ya bosi, na ajue kwa namba, ongezeko ni kiasi gani baada ya makato maana mshahara ukipanda na bodi ya mikopo nayo inapanda.

Wifi usimrudishie simu kwanza.

Niandikie mkitoka kliniki uniambie mzani umesoma ngapi, na nesi kasemaje mbele ya bibi.

Mamdogo wako